Mbege Iliyofika Dar es Salaam Kabla ya Kuiva

Ukimuuliza mama yangu kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni umbali gani, usitegemee kilomita. Kilomita anawaachia madereva. Yeye hupima kwa mbege. Amekuwa akiwapelekea ndugu zetu wa Dar pombe hiyo ya ndizi na ulezi kwa basi tangu mimi sijaota meno, na njia nzima ameigawa kwa jinsi dumu linavyobadilika tabia. Ukifika Same, anasema, imeanza kutoa mapovu. Mombo imechangamka. Korogwe ukifungua mfuniko inakuzomea. Chalinze imeiva, mtu mzima anaweza kunywa na kushukuru. Foleni ya Kibaha ikiwakamata, basi tena, mtafika na kitu kikali cha kunywewa na watu waliokwisha kugombana.

Kazi yenyewe ina saa zake. Ndizi zinakuwa zimeshachemshwa na kulala siku zao. Alfajiri ya safari ndipo anapopika uji wa kimea cha ulezi, anaupoza, anauchanganya na yale maji ya ndizi, analegeza mfuniko ili ipumue, na kuanzia hapo barabara ndiyo inayomalizia. Baridi ya kwetu Lemara inailaza, joto la huko chini linaiamsha, matuta yanaikoroga. Wanawake wengine wa Kimachame wanapika kwa pipa na kivuli. Mama yangu anapika kwa basi.

Sasa, kaka yangu akampenda binti wa Dar. Kaka ana kiduka cha vifaa vya umeme Ngaramtoni, ana tabia nzuri, ana kitambi kidogo cha heshima, ungedhani mabinti wa Arusha wote wamekwisha. Hapana. Alikwenda Dar kununua nyaya, akarudi na nyaya na ugonjwa wa moyo. Binti mwenyewe nilimpenda mara moja, maana anacheka kwa sauti na haombi radhi. Tatizo lilikuwa baba yake.

Yule mzee ni Mmeru, mzaliwa wa Kikatiti kabisa, huku huku kwetu Arusha, ila alishuka Dar akiwa kijana, akaota mizizi kule. Unaona kichekesho? Mtu wa Kikatiti ndiye aliyetuambia kwamba Arusha ni mbali! Alimpigia simu baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, akasema maneno ambayo nyumba nzima tuliyasikia kwa sababu baba mkubwa simu huiweka kwenye spika hata akiongea na daktari.

"Mwanangu wa kike ni huyu mmoja," mzee alisema. "Akiolewa huko nitabaki kumwona kwenye simu kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Arusha mbali. Njooni mara moja tu, mniambie ni karibu kwa namna gani. Mkinishawishi, sawa. Msiponishawishi, tutakula, tutaagana, na kijana wenu atafute binti wa jirani. Na msije mikono mitupu. Nataka mbege iliyopikwa na mama wa huyo kijana, siyo ya kununua."

Kaka akaacha kula. Naomba uelewe uzito wa jambo hili. Huyu ni mtu aliyekuwa akimaliza sahani yake ya makande huku macho yake yakiwa kwenye ya kwako. Sasa anakaa mezani anageuzageuza kijiko, anashusha pumzi, anatoka nje kuangalia Mlima Meru kana kwamba haujawahi kuwepo. Nilimtania siku mbili, ya tatu nikamhurumia. Alimtaka yule binti kweli, na nafasi ilikuwa moja tu.

Kwetu mama hasemi posa. Anayesema ni mwanamume wa ukoo. Mama anabeba pombe na masikio. Kwa hiyo mambo yote yaliangukia mikononi mwa baba mkubwa, na baba mkubwa, Mungu amzidishie, ni mtu wa sifa. Anauza spea za magari, anavaa koti hata jua likiwa la kuchoma vifaranga, na hajawahi kufanya jambo dogo pale ambapo kubwa lingewezekana. Akaanza kunong'ona na kaka uani. Kaka akamwomba mama kitambulisho, eti cha kusajili laini ya simu. Mimi nilidhani ni mambo ya wanaume, nikaendelea kusuka nywele za watu.

Siku yenyewe mama aliamka kabla ya jogoo, akachanganya kimea chake, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kikao alikuwa ameambiwa ni jioni baada ya basi kufika. "Saa ya kukaa kwenye viti," alisema, "itakuwa imekaa nayo." Tukapakia dumu kwenye gari la kukodi, mama mbele, sisi watatu nyuma tumebanana na koti la baba mkubwa.

Gari likapita njia ya stendi.

"Dereva, stendi umeiacha," mama akasema.

"Tulia, shemeji," baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa siri ambayo imechoka kukaa ndani.

Tukaitafuta njia ya Kisongo. Mama akageuka. "Huku kuna basi gani?"

"Shemeji, leo unapaa! Wao wanasema Arusha ni mbali? Tutawaonyesha. Tutakula nao chakula cha mchana. Nimeshawapigia simu jana, kikao ni saa saba."

"Nani amekwambia nataka kupaa?" Mama alipiga dashibodi kwa kiganja. "Nimechanganya kimea cha basi!"

Hakuna aliyemsikiliza. Baba mkubwa alidhani ni woga, akaanza kumweleza jinsi ndege zilivyo salama kuliko ngazi. Kaka alikuwa anaangalia simu yake. Mimi, nisiseme uongo, nilikuwa sijawahi kupanda ndege maishani mwangu, na moyo wangu ulipaa kabla yao wote. Kimea cha basi, kimea cha treni, mimi nilikuwa nataka kiti cha dirishani.

Pale kiwanjani kijana wa ukaguzi akatusimamisha. "Mama, shikamoo. Humu kuna nini?"

Mama yangu ni mama wa kwaya, mzee wa usharika, hasemi uongo hata kwa mgonjwa. Baba mkubwa akaanza kukohoa.

"Marahaba mwanangu. Kwa sasa," mama akasema, "ni uji."

"Uji dumu zima?"

"Ni wa wakwe."

Kijana akafungua, akanusa, akaniangalia, akamwangalia kaka na suti yake ya posa, akaelewa habari yote. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamiminiwa kidogo kwenye kikombe, akaonja. "Ni uji kweli," akasema. "Mtamu. Fungeni vizuri." Sisi tukashangilia. Mama peke yake hakushangilia, na kama tungekuwa na akili tungemuuliza kwa nini.

Safari yenyewe sijui nikusimulie nini, maana iliisha kabla sijaianza. Tulipaa, Meru ikabaki nyuma, Kilimanjaro ikaja dirishani ikiwa imevaa kofia yake nyeupe, nikapiga picha nyingi ambazo zote zimetoka na kidole changu. Nikaletewa soda. Nikaweka kikombe, nikafungua mdomo nimwambie mama atazame chini, na sauti ikasema tufunge mikanda tunashuka. Ala! Mama alikuwa amefumba macho anasali tangu tuondoke. Akafumbua moja.

"Tumefika Same?"

"Mama, tunatua Dar."

Akaweka mkono shavuni. "Jamani, mbege yangu," akasema.

Nyumba ya wakwe iko Mbezi, na siku hiyo joto lilikuwa lile la kumfanya mtu asahau jina lake. Tulikuta viti vimepangwa, wazee wanne wa ukoo wamekaa, mke wa mzee ametulia pembeni na khanga zake mpya, binti yuko mlangoni anajifanya anapanga glasi. Salamu zikachukua muda wake. Baba mkubwa akasimama na koti lake, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi, akaanza.

"Wazee wangu, asubuhi hii uso wangu nimeunawia Arusha! Hata taulo halijakauka! Mnasema mbali? Mbali iko wapi? Ni saa moja na vijidakika, unaweza kumwona binti yako asubuhi, ukarudi ukalala kitandani kwako!"

Alisema vizuri, nampa haki yake. Wazee wakatikisa vichwa. Kaka akaanza kupata rangi. Basi, akilewa sifa, baba mkubwa akapiga makofi: "Na sasa, mbege!"

Mama hakunyanyuka. Baba mkubwa akarudia. Mama akanyanyuka kama mtu anayekwenda kung'oa jino, akachota kwa kata, akaonja yeye kwanza, maana ndiyo desturi, anayeleta huonja ili wenyeji wajue hakuna sumu. Kisha akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akanywa funda kubwa. Akaiondoa kata mdomoni. Masharubu yake yalikuwa yamepakwa ulezi.

"Nani kajifungua humu ndani?" akauliza.

Wazee wanne wakatazamana.

"Nauliza, kuna mzazi? Maana huu ni uji."

Baba mkubwa akaichukua kata, akaonja, akakaa. Mzee akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "Mimi nimezaliwa kwenye migomba, msinidhanie mtu wa chipsi. Mtu anayeleta pombe mbichi ana haraka. Haraka ya nini? Kuna jambo mimi baba sijaambiwa?"

Loo! Macho ya wazee wote wanne yakatoka kwenye kata, yakasafiri taratibu, yakatua kwenye tumbo la binti pale mlangoni. Binti akakumbatia trei. Mama yake akasema "Ee Bwana" kwa sauti ya chini. Kaka yangu alibadilika akawa wa kijivu, na ingawa hakuwa amefanya lolote, alikuwa na sura ya mtu aliyefanya yote. Mimi niliuma mdomo wa chini ili nisicheke, na ninakuapia nilikuwa pia karibu kulia, maana mzee alishashika mikono ya kiti ananyanyuka.

"Tule," akasema. "Tule, tuagane."

Baba mkubwa alikuwa na maneno kwa kila kitu duniani isipokuwa hilo. Ndipo mama, ambaye hakuruhusiwa kusema, akasema.

"Baba, samahani. Mimi ni mwanamke na si zamu yangu. Lakini hiyo pombe ni yangu na nitaijibia mwenyewe."

Mzee akabaki nusu amekaa nusu amesimama.

"Umesema haijaiva. Ni kweli, haijaiva. Nimepeleka mbege Dar es Salaam tangu watoto hawa wanatambaa, haijawahi hata siku moja kufika mbichi. Huivia njiani. Njia ndiyo sufuria yangu. Leo nimeichanganya alfajiri vilevile kama siku zote, kwa mkono huu huu, na njia imekwisha kabla haijatoa hata povu. Ulitaka uambiwe Arusha ni karibu kwa namna gani. Mimi sijui maneno ya shemeji yangu ya taulo. Umeshika ushahidi mkononi. Ni karibu kiasi hicho. Ni karibu hata pombe haipati muda wa kuiva."

Mzee akaitazama kata, akamtazama mama, akaitazama tena kata. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kilekile cha binti yake, cha sauti na bila kuomba radhi. Wazee wanne wakafuata. Mmoja akalazimika kuvua miwani.

"Kaa, mama," mzee akasema. "Kaeni wote. Jibu langu silitoi juu ya uji. Tutaikalia hapa mpaka iive."

Basi tukaikalia. Sijawahi kuhudhuria posa ya namna ile. Dumu likawekwa katikati ya sebule kama mgonjwa, na kila baada ya muda mama analegeza mfuniko, anatega sikio, anasema "bado." Tukala pilau, tukanywa maji, bado. Baba mkubwa hatimaye akavua koti, tukagundua shati lake ni zuri kuliko koti. Kaka akaruhusiwa kumsaidia binti kubeba vyombo, na vyombo vile vilichukua muda mrefu ajabu. Mke wa mzee akanisogelea, akaniachia nywele zake nimsuke. Tungekuja na basi tungefika tumechoka, tungesema maneno ya desturi, tungelala. Sasa joto na kusubiri vikawafanya watu waongee kama watu.

Mama na mzee wakaongea kilimo cha migomba, wakaongea bei ya mbolea, wakafika Kikatiti.

"Kwenu nani amebaki?" mama akauliza.

"Mama yangu."

"Yupo? Mungu ni mwema. Anaendeleaje?"

"Anaendelea. Namtumia chochote kila mwezi."

"Na umemwona lini?"

Mzee akashika kiuno. "Ile njia, dada yangu. Ule mwendo wa kutwa nzima kwenye basi, na mgongo wangu huu. Unajua jinsi ilivyo mbali."

Mke wake akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha ndoa ya muda mrefu, hakihitaji tafsiri. Mama yangu aliinama tu, akalegeza mfuniko wa dumu, akatega sikio kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bado," akasema.

Mzee akainamisha kichwa.

Jua lilipokuwa linazama ndipo mbege ilipoanza kusema, na giza lilipoingia mama akachota, akaonja, akafumba macho. Mzee akapokea kwa mikono miwili. Akanywa hadi chini, akapangusa masharubu. "Hii ndiyo," akasema. "Binti nimewapa." Mwanamke mmoja akapiga vigelegele jikoni, na huyo mwanamke alikuwa binti mwenyewe, jambo ambalo desturi hairuhusu. Kaka akalia mbele za watu. Nilimwacha alie, nitamtania mpaka kaburini lakini siku ile nilimwacha.

"Ndege yenu ya kurudi ni lini?" mzee akauliza.

"Kesho kutwa asubuhi," akajibu baba mkubwa.

"Mniulizie kama kuna kiti kingine."

Kesho kutwa hiyo mzee alikaa karibu nami ndegeni, dirishani, na hakutazama mlima hata mara moja. Alikuwa anatazama saa yake. Tulipotua alibaki kwenye kiti watu wakishuka, mpaka nikamgusa bega nikamwambia, "Baba, tumefika." Akasema, "Najua." Tukamkodia gari, tukapita katikati ya mji, tukapita Usa River, tukafika Kikatiti jua likiwa bado halijawa kali.

Bibi alikuwa ameketi barazani anachambua maharage. Mdogo wa mwili, macho yana ukungu, kitambaa cheupe kichwani. Mzee akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya safari, akamwamkia. Bibi akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, masharubu, masikio, kipara, na alipomjua akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Kimeru na Kimachame ni watoto wa nyumba moja, nilielewa kila neno.

"Maskini mwanangu, umechoka," bibi akasema. "Umelala wapi njiani?"

"Sikulala, mama."

"Umesafiri usiku kucha? Na mgongo wako?"

"Hapana, mama. Nimekunywa chai kwangu, Dar es Salaam. Kisha nikaja."

"Chai ya jana."

"Ya leo. Chai ya leo asubuhi."

Mikono ya bibi ilibaki kwenye mashavu ya mwanawe. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kumbe," akasema. "Na mimi miaka yote hii nakuombea njia ifupishwe."

Mzee akaweka kichwa kwenye mapaja yake, juu ya maharage, akalia kwa sauti.